Siki Usiipunguze

Mjukuu wangu, mama yako ameniambia umeamua kuuza sandwichi kwa wanachuo wenzako, na kwamba mayonezi utaitengeneza mwenyewe kwa sababu ile ya chupa inameza faida yote. Nimefurahi. Hesabu umeipiga vizuri. Lakini ameniambia pia kwamba uliwaonjesha rafiki zako, wakakunja sura kwa uchachu, nawe ukapunguza siki. Hapo ndipo nilipotafuta miwani na kalamu.

Mimi jikoni za hoteli nimezitumikia mpaka magoti yakagoma, na jambo nililoona vijana wengi hawalijui ni kwamba siki ya mayonezi haikuwekwa kwa ajili ya ulimi peke yake. Nitafika huko. Kwanza nikueleze namna inavyopigwa, maana ukiwa na mkono mbaya hakuna atakayebaki kuumwa tumbo, wote watakuwa wameshakimbia.

Mayonezi ni mafuta yaliyolazimishwa kukaa na maji kidogo. Anayewapatanisha ni kiini cha yai: ndani yake mna lesithini, ambayo huyashika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili. Kazi yako ni kuyavunja mafuta yawe vitone vidogo mno, kila kimoja kivikwe hiyo lesithini kabla hakijakutana na mwenzake. Wewe umekulia kwenye wali wa nazi na kisamvu, unajua tui linavyokatika mpishi akizubaa. Mayonezi nayo hukatika, ila mara nyingi kosa lake ni pupa ya mwanzo.

Chukua kiini kimoja, vijiko viwili vya chakula vya siki, kijiko cha chai cha haradali, na chumvi. Yai lisitoke kwenye friji muda huohuo. Likipoteza ubaridi hushika mafuta kirahisi. Piga vichanganyike. Kisha mafuta, robo lita, nawe uanze tone kwa tone. Nikisema tone nina maana ya tone. Usimimine hata kidogo mpaka uone mchanganyiko bakulini umeanza kuwa mzito na rangi imefifia. Ukifika hapo hatari imepita, sasa unaweza kumimina uzi mwembamba huku mkono haupumziki. Ikikatika usiitupe. Weka kiini kingine kwenye bakuli safi, uanze kuirudishia ile iliyokatika kidogokidogo kama vile ndiyo mafuta. Itarudi.

Blenda sina ugomvi nayo. Ile ya juisi hutaka yai zima, maana kiini kimoja hakifikii visu. Ila ujue kwamba ute wa yai una tabia iliyo kinyume cha asidi, unaizimua siki. Ukitumia yai zima, siki iwe vijiko vitatu.

Mafuta nenda na ya alizeti yaliyosafishwa. Yale yanayokamuliwa mtaani bila kusafishwa ni mazuri kwa mboga, lakini kwenye mayonezi harufu yake itakaa mbele ya kila kitu. Ya zeituni mabichi nayo ukiyapiga kwa blenda hugeuka machungu. Ya nazi najua yatakushawishi, kwa kuwa bibi yako mwingine anayakamua nyumbani. Usiyatumie. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na yakiganda ndani ya friji yanapasua zile kuta za lesithini. Ukiyatoa utakuta mafuta yameelea juu na maji yamebaki chini. Mafuta ya mawese ya madukani yana tabia hiyohiyo, yatakuvumilia Dar yakusaliti Iringa.

Sasa siki.

Yai bichi linaweza kubeba salmonela, kwenye ganda au ndani kabisa, na hutaiona wala kuinusa. Usinieleze kwamba uliyatia mayai majini yakazama. Yai kuzama kunakuambia kwamba halijazeeka. Halikuambii lina nini. Wala usiniletee habari za mayai ya kienyeji. Unjano ule mkali unatokana na majani na mahindi aliyokula kuku, si cheti cha afya. Katika mayonezi ya yai bichi, anayesimama kati ya hicho kijidudu na mteja wako ni asidi. Friji humzuia kijidudu asizaane, lakini haimwui. Siki ikiwa ya kutosha humdhoofisha na hatimaye kumuua, na hufanya kazi hiyo vizuri kuliko maji ya ndimu au limau. Ndimu naipenda mno, tia kidogo juu ya siki upate harufu, lakini usiifanye nguzo: ndimu moja ina uchachu wake na ya pili ina wake, ilhali siki ya dukani huandikwa kiwango. Tafuta iliyoandikwa asilimia 5, na usome lebo, maana nyingine zimezimuliwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo rafiki zako wakilalamika ukali, siki iache palepale ilipo, ongeza sukari. Sukari huuficha uchachu ulimini bila kuutoa ndani ya bakuli. Mteja atasema sasa imelainika, na mlinzi wako bado yuko zamu. Ulichofanya wewe ni kumpa mlinzi likizo kisha ukapamba mlango.

Hata hivyo, mjukuu wangu, hiyo ya yai bichi mimi nakuruhusu kwa ajili ya mezani kwako tu, na iliwe siku hiyohiyo. Ya kuuza, hapana. Hujui nani amesimama mbele ya meza yako. Mjamzito, mtu anayetumia dawa nzito, mwalimu mzee kama mimi, mama anayemchukulia mtoto mdogo kitafunwa: hawa wote yai bichi si lao, na hawatakuuliza umetengenezaje. Ya kuuza ipike.

Ya kupika ni kazi ya dakika kumi, na kwa gharama ni rahisi kuliko ile, kwa sababu mafuta ni machache. Ladha yake inakaribiana na ile krimu ya saladi ambayo Heinz waliitoa Uingereza mwaka 1914, na ambayo wazee wengi wa jikoni za zamani waliifahamu kabla ya mayonezi. Koroga vijiko viwili vya chakula vya unga wa ngano kwenye maji mililita 150 mpaka pasibaki donge hata moja. Tia viini viwili, kijiko cha chakula cha sukari, kijiko cha chai cha haradali, chumvi, mwisho siki mililita 50. Bandika moto mdogo, ukoroge bila kuondoka hata simu ikiita. Utatazamia yai ligande madongedonge. Halitaganda, unga unalizuia. Kikianza kuwa kizito na kutokota, kiache kitokote dakika moja kamili huku unakoroga. Watu hukosea hapa: wanaona kimeshakuwa kizito, wanaepua. Kiini kibichi kina kimeng'enya kinachokula wanga, na kisipouawa kwa moto, ulichokiacha kizito jioni utakikuta uji mwepesi asubuhi. Ukiepua, pigia ndani vijiko viwili vya siagi au mafuta, tumbukiza sufuria kwenye beseni la maji baridi ipoe haraka, kisha friji. Siku tatu, basi. Andika tarehe kwenye kopo, usitegemee kichwa.

Kwenye hiyo ndipo utie utundu wako. Karoti na hoho zilizokatwa ndogondogo, tango lenye siki, achari ya embe iliyosagwa kidogo. Achari ndiyo itakayowafanya wakurudie, kwa sababu chupa ya dukani haina. Ila mboga mbichi zitie chumvi kwanza, ziache robo saa, uzikamue kwa nguvu. Maji yake yakibaki, yanalegeza na yanazimua siki, tukarudi kule tulikotoka. Nyama ya kuku nayo ipoe kabisa kabla hujaichanganya. Na ujue kwamba ukishaweka kuku, unauza kuku. Uchachu wa mchuzi hauilindi tena nyama yote ile. Nje ya baridi kaa nayo saa mbili, siku za joto la kupita nyuzi 32 kaa saa moja, na Dar ya Februari siku za namna hiyo si haba. Gandisha chupa za maji usiku, uzipange kwenye boksi pamoja na sandwichi. Mchana utauza na hayo maji.

Mama yako anasema unazungumzia pia vichupa vyenye jina lako. Usiwe na haraka navyo. Richard Hellmann, yule Mjerumani aliyehamia New York, alifungua duka lake la vyakula mwaka 1905 akawa anawapimia wateja mayonezi hapohapo kaunta. Chupa alianza nazo 1912. Ile ya kiwandani unayoiona inakaa miezi kwenye rafu imetiwa viini vilivyopashwa moto kwa kipimo, asidi yake imepimwa, mara nyingi na dawa za kuhifadhi zimo. Kopo lako la jamu lililooshwa kwa maji ya moto halina hayo yote. Siku ukiwa tayari, nenda SIDO wakufundishe usindikaji, na TBS ndio siku hizi wanaoshughulikia usalama wa vyakula, tangu mwaka 2019. Kabla ya hapo uza mkate uliokwisha kupakwa, usiuze mchuzi.

Ute utakaobaki usiumwage, nimekufahamu wewe. Uchanganye na mayai mazima ya kukaanga, au utie kwenye chapati za maji, wateja wa asubuhi hawataona tofauti.

Jumamosi njoo tuipike pamoja, uone kutokota ninakokusema mimi kunafananaje, maana wewe mpaka uone. Mayai na siki ninavyo. Haradali pitia uje nayo huko mjini, duka la hapa kwetu ukiiulizia wanakuletea manjano.