Damu ya Kawaida

Mjamzito akikaribia siku zake hutenga khanga kuukuu, zile zilizolainika kwa kufuliwa. Moja ya kumpokelea mtoto, nyingine za kutandikwa chini yake. Kwa miaka mingi khanga hizo ndizo zilizokuwa kipimo: mkunga huinua ncha, hutazama, husema, "Damu ya kawaida."

Mara nyingi ni kweli. Lakini damu ikishanywewa na nguo, ikachanganyika na maji ya uzazi, nyingine ikachuruzika sakafuni, jicho huipunja. Si uzembe, pengine kuna kina mama wengine watatu wanaomwita mkunga huyo huyo. Mzazi aweza kupoteza nusu lita, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha hatari, huku anamtazama mwanawe na kutabasamu. Makumi ya maelfu ya wanawake duniani hufa kila mwaka kwa kuvuja damu baada ya kujifungua.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Chombo chake ni shuka la plastiki: linatandikwa chini ya mama, na mwisho wake ni mfuko unaoning'inia ukingoni mwa kitanda, wenye mistari kama ya chupa ya maziwa ya mtoto. Damu ikionyesha hatari, matibabu yote yanaanza kwa mpigo: kukanda mji wa mimba, dawa ya kuubana, asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu, dripu, kisha kumkagua mama ijulikane damu inatokea wapi. Zamani kilijaribiwa kimoja, kikangojewa, ndipo kikaja kingine. Kwa utaratibu mpya, kati ya kila wanawake 100 waliovuja damu kupita kiasi, 93 waligunduliwa. Kwa ule wa zamani, 51. Kuvuja damu kwingi mno, upasuaji wa kuizuia na vifo, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 60.

Hiyo 51 ndiyo inayoniuma. Hospitalini walikuwamo wakunga waliosomea kazi, na karibu nusu ya waliokuwa wakivuja walilala mbele yao bila kuonekana. Nadhani tumeizoea mno damu ya mzazi. Tunasema yuko mguu mmoja ndani ya kaburi, mmoja nje, kisha tunanyamaza, kana kwamba kusema huko kunatosha.

Hata hiyo asidi ya traneksamiki, mtafiti wa Japani Utako Okamoto na mumewe waliitafuta kwa ajili ya wanawake hawa hawa, wakaitangaza mwaka 1962. Utako aliwaomba madaktari wa uzazi waijaribu, hawakukubali. Ikatumika kwa mengine. Bibi huyo alifariki mwaka 2016. Mwaka uliofuata, utafiti wa wanawake zaidi ya 20,000 ukaonyesha kwamba inapunguza vifo vya wazazi vinavyotokana na kuvuja damu, hasa ikitolewa mapema.

Sasa, palipo na mfuko ule, mzazi akisema, "Sista, nasikia kizunguzungu," haambiwi kwamba ni uchovu tu. Mkunga anainama hadi usawa wa kitanda na kusoma mstari.