Mvumilivu Hula Nini Kabla ya Mbivu?

Mara nyingi vijana hutaka kujua kama mtu aliyenunua gitaa kwa fedha ya jasho lake, kisha akalitundika ukutani baada ya mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mvivu. Wazee wengi hujibu upesi kwamba ndivyo, nao hukumbusha kuwa mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo ni ya kweli, wala hatuipingi. Walakini haisemi neno juu ya chakula cha mvumilivu katika siku zile za kungoja, na hapo ndipo wengi hufa njaa.

Tuitazame taabu yenyewe. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita, na mkono wa kushoto hauna budi kuzibana kwa ncha za vidole. Nyuzi za chuma huuma sana hata ngozi ifanye sugu, nalo ni jambo la majuma kadhaa kwa mtu ashikaye gitaa kila siku. Tena sikio hujifunza upesi kuliko kidole. Mwanafunzi husikia vema kwamba sauti anayoitoa ni mbaya, wala hajaweza bado kuitengeneza. Basi huenda huyo aliyekata tamaa si mvivu hata kidogo, bali ni mtu mwenye sikio jema, nasi twamdhulumu tukimpa jina asilostahili.

Wako wasemao ajilazimishe tu. Lakini shuruti humfikisha mtu mlangoni, haimkalishi ndani. Tazameni wanawake wawili watwangao katika kinu kimoja, mchi huu ukipanda na ule ukishuka. Kazi ni nzito, wala hawahesabu mapigo. Ule mwendo wenyewe huwachukua. Gitaa nalo lina mwendo wa namna hiyo. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya katika Katanga mwaka 1930 na kuimba kwa Kiswahili cha huko, alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, hata msikiaji akadhani wapigaji ni wawili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, akainasa sauti yake, na nyimbo zake zikasikika mbali. Atakaye kupiga kwa namna ile yafaa aanze na kidole gumba peke yake, polepole, nyuzi mbili tu, mpaka kidole kiende chenyewe kama mguu wa msafiri. Mazoezi hayo ni madogo, lakini tayari ni muziki, na anayeyafanya hangoji mwakani ndipo afurahi.

Iko furaha nyingine tusiyoiamini sana, nayo ni tamaa ya kusifiwa. Kijana ajifunzaye ili ashangiliwe harusini hukauka moyo wasipomshangilia. Na wakimshangilia mapema, haoni tena sababu ya kujifunza. Heri apendaye sauti ya uzi mmoja uliolinganishwa vizuri. Huyo ana ujira wake hata akiwa peke yake chini ya mwembe.

Kwa habari ya saa, nusu saa kila siku yapita saa tatu za Jumamosi, kwa kuwa vidole husahau. Na afadhali mtu aache angali akitamani kuendelea, naye amalize kwa wimbo anaoujua, hata ukiwa mfupi kama wa watoto, ili kesho asiliogope gitaa.

Mtu ataweza kutuuliza kama si dhambi kucheza na nyuzi huku magugu yakila mahindi. Twajibu kwamba apalilie kwanza. Gitaa litamngoja jioni. Lakini aliyejaribu hivi mwaka mzima asionje furaha hata mara moja, na amwuzie mwenzake gitaa lile bila haya. Labda mikono yake yangojwa na ngoma, au na randa ya seremala.