Sailensi ya Gari la Baba

Gari la baba lilikuwa na tabia moja. Likiwa kwenye mwendo halina neno. Ukifika kwenye tuta, ukaachia mafuta na kushika breki, linaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa, halafu linazima. Unawasha, linawaka palepale, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ni Toyota Corolla, ile ambayo mtaani tunaiita 110, ya miaka ya tisini mwishoni. Nyumbani ni Mvumi. Si Mvumi ya Dodoma yenye hospitali ya misheni, ambayo watu wa chuoni huikimbilia kila ninapotaja kwetu. Hii ni ya Kilosa: ukitoka Morogoro kwenda Dodoma, ukifika Dumila unakata kushoto. Baba alilitumia gari hilo kupeleka mpunga mashineni, na siku za gulio kubeba abiria kuliko idadi ya viti. Alipofariki lilikaa miezi minane chini ya mwembe, hadi mama aliposema liuzwe nimalizie ada ya muhula wa mwisho. Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa. Mjomba akilisikia neno hilo hucheka kwanza, ndipo asalimie.

Tulimwita fundi kijana kutoka Dumila. Alichomoa plagi zote nne, zikatoka nyeusi kwa masizi kama sufuria ya msibani. Akasema injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa. Akasafisha njia ya hewa na vali ndogo inayosimamia injini wakati hujakanyaga mafuta, akabadilisha plagi. Kisha akafanya jambo lililonifurahisha kupita kiasi: akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili kwenye kiboksi kilicho karibu na injini, akaniambia niitazame taa ya injini kwenye dashibodi. Toyota za miaka hiyo husema makosa yao kwa kupepesa taa hiyo. Unahesabu mipepeso, unapata namba ya kosa. Ya kwetu ilipepesa mfululizo, bila kupumzika. Maana yake kompyuta ya gari haina kosa lolote ililoandika.

"Lenyewe linasema ni zima," fundi akasema. Tuliliwasha, likazima.

Akatupa njia mbili. Tumwachie gari siku mbili afuate mipira yote ya hewa na sensa, mmoja baada ya mwingine. Au apandishe sailensi. Mafundi wetu huita sailensi ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama na mguu wako hauko kwenye mafuta. Kwa gari kama lile ni mizunguko 700 hadi 800 hivi kwa dakika. Ukiipandisha, injini inapata nguvu ya kuuvuka ugonjwa wake bila kuupona. Ni skrubu moja. Nusu mzunguko wa bisibisi.

Mimi nilitaka siku mbili. Mjomba akanivuta pembeni, akasema maneno ambayo sijayapata kwenye kitabu chochote nilichosomeshwa:

"Mwanangu, usitafute. Ukishajua, utalazimika kusema. Usipojua, umeuza gari la marehemu kama lilivyo."

Fundi akazungusha skrubu. Mshale ukapanda hadi 1,200, gari likanguruma kwa kiburi na halikuzima tena. Jioni mama aliuliza kama limepona. Nikamwambia limepona.

Nimrudie mjomba kidogo, kwa sababu alichosema si upuuzi. Alikuwa na hoja nyingine ya akiba: gari la miaka ile, kwa bei ile, kila mnunuzi anajua lina kitu. Anayetaka gari zima aende bandarini. Hajawahi kumsikia George Akerlof, lakini wanazungukia kisima kimoja. Mwaka 1970 mchumi huyo wa Marekani aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, akaonyesha kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha zima na bovu hulipa bei ya katikati, bei iliyokwisha kubeba mashaka yake. Kwa hesabu hiyo mnunuzi wetu alikwisha kupunguziwa kosa la gari kabla hajaliona. Tatizo ni kwamba bei hiyo inalipia bahati mbaya ya kawaida. Hailipii bisibisi. Mnunuzi anajua gari linaweza kuwa na ugonjwa. Hajui kwamba juzi kuna mtu aliuziba mdomo ugonjwa huo ili asiusikie.

Alikuja Jumamosi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mikumi, akiwa na shemeji yake. Tulikuwa tumekubaliana milioni tano na laki mbili. Aliliendesha hadi barabarani na kurudi, akafungua boneti, akagusa betri, akasikiliza. Mchana kweupe, hakuwasha taa. Akasema akitoka pale atapitia Morogoro mjini kuwachukua wanawe kwa bibi yao, ndipo aende nyumbani. Halafu akaniuliza, kwa upole tu: "Lina shida yoyote, mdogo wangu?"

"Mimi si mtu wa magari, Mwalimu. Ila fundi amelifanyia sevisi juzi."

Hakuna uongo hata mmoja hapo. Nimezipitia sentensi hizo mara nyingi kama mtu anayekagua mchele, sijapata jiwe.

Aibu yangu ni kwamba muhula uliotangulia nilikuwa nimeongoza semina ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhusu insha ya W. K. Clifford ya mwaka 1877, ile yenye mwenye meli. Mtu ana meli kuukuu, anajua imekarabatiwa mara nyingi, mashaka yanamsumbua. Anayafukuza: mbona imekwenda safari nyingi ikarudi? Anajishawishi mpaka anaamini kabisa kwamba ni salama. Meli inazama na abiria, yeye anachukua fedha za bima. Clifford anasema ana hatia ingawa aliamini kwa dhati, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Na anaongeza kitu ambacho wanafunzi wangu walikibishia saa nzima: hata meli ingefika salama, hatia ingekuwa ileile.

Niliwaambia wanafunzi kwamba Clifford ni mkali mno. Sasa namwona ameniachia mwanya. Mwenye meli wake alikuwa na kazi ya kujidanganya. Ilimbidi aamini jambo. Mimi sikuamini chochote. Sikusema moyoni kwamba gari ni zima. Nilihakikisha tu kwamba swali halifiki mahali pa kujibiwa. Thomas Aquinas, karne ya 13, ana jina la hali hiyo: kutojua kwa kutaka, pale mtu anapochagua asijue ili asizuiwe na anachokijua. Yeye anaona kutojua kwa namna hiyo hakumwondolei mtu lawama. Mjomba anaona kunamwondolea. Na mimi, nikiwa na vitabu vyote vile kwenye begi, nilimfuata mjomba.

Simu ililia saa moja na nusu usiku. Barabara ya kutoka Morogoro kwenda Mikumi mjini inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Ndani ya hifadhi kuna matuta, na vibao vinavyokuonya kuhusu faini ya kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Yaani gari linalozima linapopunguza mwendo lilikuwa limefika mahali ambapo sheria inakutaka upunguze mwendo, usiku, na si mahali pa kushuka kufungua boneti.

"Mdogo wangu, hili gari huwa linafanya hivi?"

Nilimwambia: kabla ya tuta weka nyutro, mguu wa kulia uendelee kukanyaga mafuta kidogo, breki shika kwa mguu wa kushoto. Zima feni na redio. Likizima ukiwa kwenye mwendo, usipampu breki, kanyaga mara moja na ushikilie, kwa sababu msaada wa breki unabaki wa mara moja au mbili tu, na usukani utakuwa mzito. Maelekezo yalinitoka haraka mno kwa mtu asiyejua magari. Yeye pia aliyasikia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa."

Fundi wa Mikumi alipata kosa siku ya tatu: mpira mwembamba kama kalamu, unaopeleka mvuto wa hewa ya injini kwenye sensa. Ulikuwa umepasuka kwa chini, na joto likizidi ufa unafunguka. Hewa ya nje ikiingia hapo, kompyuta inadhani injini imebebeshwa mzigo, inamwaga mafuta. Kwa kuwa kipimo hicho kinawezekana, haiandiki kosa. Usiku ule taa zilimwongezea alteneta kazi, sailensi ikashuka, skrubu yetu ikawa haina maana. Mpira mpya ni shilingi elfu tatu. Siku mbili za fundi wa Dumila zingetosha kabisa.

Nilimtumia mwalimu laki moja kwa simu. Akairudisha, ikapungua makato tu, bila ujumbe.

Mama aliona ujumbe wa muamala, akauliza ni hela gani inakwenda na kurudi. Nikamweleza yote, kuanzia bisibisi. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo alilala njiani?"

"Hapana mama. Alifika saa nne."

"Na wale watoto, walikuwemo?"

"Sikumuuliza."