Aliyesimama Palepale

Harusi ikirekodiwa nje pale Kasulu mjini, kamera haichagui: inameza bibi harusi, shela lake, na bodaboda anayekatiza nyuma yake. Zamani mhariri angekikata kipande chote, maharusi wakapotea nacho. Siku hizi anamwekea bodaboda alama, programu inamfuta, na ukuta unabaki mzima. Mlio wa pikipiki hautoki hivyo. Una kazi yake peke yake. Kivuli nacho kikisahaulika kinakatiza kwenye vumbi jekundu bila mwenyewe. Na kama bibi harusi aligeuza shingo kumtazama, sasa anatazama ukuta.

Lakini ukuta huo umetoka wapi? Video ya kawaida ina picha kama 25 kwa sekunde, na bodaboda yuko mwendoni: alichokiziba sasa hakukiziba punde iliyopita. Programu hufuata mwendo wa vitu picha hadi picha, kisha huazima ukuta kutoka pale ulipoonekana. Siwezi kuuita huo uongo, kamera iliuona. Mambo hubadilika kwa mtoto aliyeegemea ukuta mwanzo hadi mwisho, huku kamera imetulia kwenye stendi. Nyuma yake hapakuonekana hata mara moja. Mashine inakisia kutokana na picha nyingi za kwingine ilizofundishwa, na inachopaka ni ukuta ambao haupo Kasulu wala popote.

Basi apitaye hufutwa kwa ushahidi, akaaye hufutwa kwa kubuni.

Kigoma tuna sababu ya kulifikiria hili la apitaye na akaaye kuliko wengi. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa Desemba 2012 na Warundi wakarudishwa kwao. Leo Mtabila ni jina la kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Oktoba 2015 kambi ya Nduta, kule Kibondo, ikafunguliwa tena kwa Warundi waliokimbia upya. Nyarugusu, kambi ya Kasulu iliyofunguliwa kwa Wakongomani, iko palepale tangu 1996. Sera inawahesabu wote kuwa wageni wa muda, na yapo mazungumzo ya barazani yanayoipiga picha wilaya kana kwamba hawamo. Mzee anaweza: alipaona kabla ya kambi. Ila kijana wa miaka 25, awe Mkongomani aliyezaliwa kambini au Mha wa Makere jirani yake, hana picha ya kuazima. Ukimtaka aifikirie Kasulu isiyo na kambi, ataitunga.