Simu za Mkononi na Dhambi ya Kupoteza Mali

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa neema tusizoweza kuzihesabu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu wa Malindi, Mambrui, Watamu, Kilifi na Takaungu! Leo nataka tusemezane juu ya kitu ambacho ni nadra kukuta nyumba isiyokuwa nacho, nacho ni simu ya mkononi, hii ya kisasa ipanguswayo kwa kidole. Huenda mtu akastaajabu, akasema: "Sheikh ameacha kutufunza Sala na Saumu, sasa ataka kutufunza kutia simu chaji!" Jawabu yake ni kwamba simu ni mali, na mali ina hukumu zake katika dini kama Sala ilivyo na hukumu zake. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amelitaja jambo la kupoteza mali miongoni mwa mambo ambayo Mwenyezi Mungu huyachukia kwetu. Na katika Suratul Israa, aya ya 26 na ya 27, wabadhirifu wametiwa katika udugu na mashetani. Basi ni nani kati yetu apendaye udugu huo?

Tazameni khali yetu. Mtu ana simu inayosema, inayopiga picha, inayopokea M-Pesa, haina ila moja kubwa isipokuwa betri yake huisha kabla ya Adhuhuri. Haendi kwa fundi. Aenda dukani kukopa nyengine, kwa kuwa Idi imekaribia, au kuna harusi, na mwenziwe ametokea na simu mpya. Ile ya zamani hutiwa mtotoni mwa meza mpaka ikavimba na kuharibika. Ada ya mtoto haijalipwa, deni la dukani halijalipwa, na mama mzee angojea dawa. Huu ndio msiba, wala msiba huu hautoki katika simu. Watoka katika nafsi zetu.

Na tufahamu kwanza maradhi kabla ya kusema mgonjwa amekufa. Sehemu ya simu ichakaayo upesi kuliko zote ni betri. Betri hizi ni za lithiamu, na umri wake huhesabiwa kwa mizunguko. Mzunguko mmoja ni kutumia chaji yote kamili. Ukitumia nusu leo na nusu kesho, umemaliza mzunguko mmoja. Kwa muda mrefu betri nyingi za simu zilitengenezwa kwa kadiri ya mizunguko 500, kisha hubakia na asilimia 80 hivi ya nguvu yake ya asili. Mwenye kumaliza mzunguko mmoja kila siku atafikia hapo kwa mwaka mmoja na miezi minne au mitano. Wala hapo simu haijafa. Kilichochoka ni kipande kimoja, na kipande hicho hubadilishwa, kama vile mwenye baskeli abadilishavyo mpira wala haitupi baskeli yake.

Ama njia za kurefusha umri wake ni nyepesi kwa mwenye kutaka.

Ya kwanza, iepusheni na joto, kwani hakuna adui wa betri aliye mkubwa kuliko joto. Watengenezaji wa iPhone husema itumike mahali ambapo joto halipiti nyuzi 35. Basi je, yule aiwachaye juani ndani ya gari barabarani Mtwapa, au juu ya bati la mashua, au chini ya mto wa kulalia huku inapata chaji? Huyo aipika kwa mkono wake.

Ya pili, msiiwache ikafa kabisa kila siku, wala msiiwache usiku kucha kwenye umeme ikiwa imejaa. Betri hupenda wastani, kama dini yetu ipendavyo wastani. Ikiwa baina ya asilimia 20 na 80, hudumu zaidi. Simu nyingi za siku hizi zina mahali pa kuiamrisha isipite 80. Itafuteni katika mipangilio yake.

Ya tatu, chaja na waya ziwe za kuaminika. Chaja duni ya bei ya bure huweza kuharibu simu, na huweza kuchoma nyumba.

Ya nne, iwekeni kava na kioo cha kinga. Kinga ya shilingi mia chache huokoa kioo cha maelfu.

Ya tano, nayo ni khasa kwetu sisi watu wa pwani: jihadharini na chumvi. Upepo wetu una chumvi na unyevu, nao hula chuma polepole. Safisheni tundu la chaji kwa kitu kikavu laini, simu ikiwa imezimwa. Na ikiangukia baharini, izimeni pale pale, toeni laini, msiitie umeme hata kidogo, kisha ipelekeni kwa fundi kwa haraka, kwani maji ya bahari hayangoji. Wengi huifukia katika mchele. Jambo hili halina asili: mchele hautoi chumvi, na mwaka 2024 watengenezaji wa iPhone wenyewe waliwaonya watu kuwa vumbi la mchele laweza kuidhuru. Wala msidanganyike na simu isemwayo haiingii maji. Hiyo hujaribiwa kwa maji matamu, na kinga yake hupungua kwa siku.

Ya sita, sasisheni programu zake, na futeni picha na video zisizokuwa na faida ambazo zimeijaza mpaka ikawa nzito. Aghalabu simu tuisemayo kuwa imezeeka imelemewa tu.

Wala sikuambieni kuwa simu ikae milele. Kila kitu kina ajali yake. Simu ambayo mtengenezaji ameacha kuipelekea masasisho ya usalama hubakia kama nyumba isiyo na komeo, na si busara kuweka ndani yake fedha za M-Pesa na za benki. Kwa hivyo mwenye kununua na aulize kwanza: hii itapata masasisho kwa miaka mingapi? Baadhi ya simu za bei kubwa, kama Google Pixel 8 ya mwaka 2023 na Samsung Galaxy S24 ya mwaka 2024, zimeahidiwa miaka 7. Nyingi za bei ndogo hupata miaka michache tu. Kuuliza swali hili ni bora kuliko kuuliza ina kamera ngapi.

Na ajabu ni hii. Twajidai kuwaiga Wazungu katika kununua, hali wao wenyewe wameanza kuwa wakali juu ya kutupa. Tangu tarehe 20 Juni 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya yataka simu mpya zinazoingizwa katika masoko yao ziwe na betri itakayobakia na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, na vipuri vyake vipatikane kwa miaka 7 baada ya simu ya aina ile kuacha kuuzwa. Basi tumeiga kununua, na kutunza hatukuiga!

Lakini kwani twahitaji kufunzwa na Ulaya? Wazee wetu walikuwa na majahazi. Kila mwaka chombo kilipandishwa pwani, kikasafishwa, kikatiwa kalafati, kikapakwa sifa na deheni, kisha kikarudi majini. Baba alisafiri nacho, na mwana akakirithi. Hapakuwa na nahodha aliyetupa jahazi kwa sababu ubao mmoja umeingia maji.

Na juu ya wazee wetu wote yuko Mtume wetu (S.A.W.). Bibi Aisha amesimulia kuwa alikuwa akishona viatu vyake na nguo zake kwa mkono wake. Na Ibn Abbas amepokea kisa cha kondoo wa sadaka aliyepewa mwanamke aliyeachwa huru na Bibi Maimuna. Kondoo yule akafa, akatupwa. Mtume alipopita akauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Wakamwambia kuwa ni mfu. Akawabainishia kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Zingatieni, ndugu zangu! Ikiwa ngozi ya mfu haikufaa kutupwa ilhali ina manufaa, ni nini hukumu ya simu nzima itupwayo kwa sababu ya betri?

Tufanye hisabu, kwani hisabu haina upendeleo. Tuseme simu ni shilingi 18,000 na betri pamoja na ujira wa fundi ni 2,500. Mtu anunuaye simu kila miaka 2, kwa miaka 12 atanunua simu 6, nazo ni shilingi 108,000. Mwenziwe akaaye na simu miaka 4, kila moja akaibadilisha betri mara moja, atanunua simu 3 na betri 3, nazo ni shilingi 61,500. Tafauti ni shilingi 46,500. Hiyo ni ada, ni bati la nyumba, ni sadaka iendayo mbele yako kaburini.

Watasema: "Sheikh, simu hizi twalipa kidogo kidogo kila siku, hatuoni uzito." Nasema: kuuza kwa bei ya mbele kwafaa, bei ikijulikana na kukubaliwa siku ya mapatano. Lakini ikiwa kila ukichelewa deni huongezwa, hiyo ni riba, na riba haiwi halali kwa kuitwa jina jengine. Someni mkataba kabla ya kutia kidole. Na shilingi zisizoonekana uzito kila siku, ndizo zile zile zitakazoulizwa Siku ya Kiyama: zimechumwa wapi, na zimetumiwa katika nini?

Na nyinyi mafundi wa simu wa Malindi na Kilifi, kazi yenu ni ya kheri mkiifanya kwa uaminifu. Msimtie mtu betri kuukuu mkamwambia ni mpya. Msifungue picha za wake za watu. Hiyo ni amana, na mwenye kukhini amana amejitia alama ya unafiki. Msinunue simu ya wizi, hata ikiwa rahisi namna gani, kwani kuinunua ni kumsaidia mwizi. Na wazazi, pelekeni vijana wenu wakajifunze ufundi huu. Ni aibu mji mzima kujua kupangusa kioo, na kusiwe na wa kutosha wajuao kukifungua.

Iliyokufa kabisa msiichome motoni wala msiitupe pwani. Betri yake hulipuka, na sumu yake huingia ardhini na majini tunamovua. Ikiwa imevimba, msiitoboe; ipelekeni kwa wakusanyao taka za umeme. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za taka hizi, na kwa hisabu iliyoandikwa, hata robo haikukusanywa na kutengenezwa upya kwa njia ya sawa. Tusiwe katika wenye kufanya ufisadi katika ardhi baada ya kutengezwa kwake.

Basi, ndugu yangu, kabla hujaingia dukani, itazame iliyo mkononi mwako, ujiulize: Je, imekufa, au nimeichoka? Ikiwa imekufa, nunua kwa kadiri yako na umshukuru Mola wako. Na ikiwa umeichoka tu, basi kinachotaka kutengenezwa ni moyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie ni wenye kusikia maneno na kufuata yaliyo mazuri yake, atukinge na israfu na ubakhili, na abariki kidogo tulicho nacho. Amin.