Familia Kubwa Kando ya Ziwa Michigan

Katika majira ya joto, ambayo kaskazini mwa dunia huanzia Juni hadi Agosti, fukwe za Ziwa Michigan mjini Chicago hupokea familia kubwa zinazofika mapema na vyakula, mikeka na watoto wa kila rika, huku bibi akiachiwa achague kivuli kwanza, haki ambayo, kwa busara, haibishaniwi na yeyote. Fukwe hizo ni za umma, lakini uhuru wa kuzitumia haukupatikana kwa urahisi: tarehe 27 Julai 1919 kijana Mweusi, Eugene Williams, aliyekuwa majini na wenzake, alivuka mpaka usioandikwa uliowatenganisha Weusi na Weupe, akarushiwa mawe, akazama, na ghasia zilizofuata zikaua watu 38. Maji yenyewe nayo hayaaminiki sana, kwani tarehe 26 Juni 1954 sechi, yaani wimbi la ziwa linalosukumwa na upepo pamoja na badiliko la ghafla la mgandamizo wa hewa, liliwafagia wavuvi waliokuwa ukingoni na kuua watu 8. Familia yenye watoto wengi hufanya vyema kumteua mtu mzima mmoja awahesabu walio majini, naye apokewe zamu kabla hajachoka.