Takrima ya Chumba Kidogo

Huko Yamazaki, njiani baina ya Kyoto na Osaka, kimo chumba cha udongo na mianzi kiitwacho Tai-an, chenye upana wa mikeka miwili tu ya tatami, ambacho mapokeo ya Wajapani yasema kilijengwa na Sen no Rikyū, ustadhi wa chai, karibu na mwaka 1582. Na mlango wake ni tundu la kiasi cha futi mbili na nusu, hata mtu hawezi kuingia ila kwa kupiga magoti na kutambaa. Zama zile samurai hakuachana na upanga wake, lakini alipokwenda kunywa chai katika vyumba kama hiki aliutundika nje, kisha akaketi ubavuni mwa mfanyabiashara aliyeingia kwa magoti yale yale, na bakuli la chai nzito likapita kutoka mkono hata mkono.

Katika adabu za chumba kile ndimo zilimotoka nyumba ndogo za chakula cha kaiseki zilizopo leo katika vichochoro vya Kyoto na Tokyo. Kizingiti hunyunyizwa maji kabla mgeni hajawasili. Pazia la mlangoni humwinamisha kichwa. Ndani mna viti vinane, pengine kumi, mbele ya ubao mmoja mrefu wa mberoshi usiopakwa rangi, na katika kidaka cha ukutani limewekwa ua moja la majira yale, basi. Mara nyingi hapana orodha ya vyakula. Mgeni hujikabidhi kwa mpishi, naye hukata, huchoma na kupakua mbele ya macho ya wote, pasipo mahali pa kuficha kosa. Jina lenyewe la kaiseki, kwa mojawapo ya namna mbili za kuliandika, maana yake ni jiwe la kifuani, kwani husimuliwa kuwa watawa wa Zen walipakata jiwe lililopashwa moto ili watulize njaa. Karamu yachukua jina la ufukara wa tumbo, na kila nilifikiripo jambo hili huniingia taadhima.

Lakini mgeni wa leo hulipa, tena hulipa fedha nyingi. Je, takrima iliyonunuliwa yaweza kuitwa takrima, au ni biashara iliyovaa joho lake? Sisi tuliolelewa kwa kisa cha Nabii Ibrahim, ambaye wageni walipomjia aliondoka polepole kwenda kwa ahali yake akarudi na ndama, twakumbuka jinsi wafasiri walivyosimama juu ya kule kuondoka kwake kwa siri, wakafunza kuwa mwenyeji mwema humficha mgeni taabu anayomfanyia, asije akaona haya na kuikataa. Wageni wale Ibrahim hakuwajua, wala hakuwangojea ujira.

Nionavyo mimi, kinachouzwa ni samaki, makaa, kodi ya nyumba na miaka ya uanagenzi. Nia haiuziki, kwa kuwa mnunuzi hana mizani ya kuipimia. Mwaka 1237 mtawa Dōgen aliandika risala ya kumwelekeza mpishi wa watawa, akamtaka autunze mchele kama mtu atunzavyo macho yake, na moyo wake usipungue apikapo mboga duni wala usizidi apikapo kitu cha thamani. Mpishi yule hakuwa na mlaji wa kumlipa. Mrithi wake wa leo analipwa, lakini ule uangalifu wa kumenya figili hata upande ambao ulimi hautaujua, huo hakuna aliyemwagiza.

Hata hivyo moyo wangu hautulii wote. Mlango wa Rikyū ulimshusha mkubwa. Bei ya leo humzuia mdogo asifike hata mlangoni, na huenda seremala aliyeupiga randa ubao ule wa mberoshi asiketi mbele yake kamwe. Nalo jeraha hili si jipya: Rikyū mwenyewe alimtumikia Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyejitengenezea chumba cha chai cha dhahabu, na ambaye mwaka 1591 alimwamuru mwalimu wake ajiue. Unyenyekevu ule ulizaliwa kivulini mwa jabari.

Katika nyumba hizo za chakula ingalipo desturi ya kusindikiza: mpishi hutoka hata njiani, akainama, asirejee ndani mpaka mgeni apinde kona. Ii Naosuke, waziri mkuu wa shogun, aliyeuawa mwaka 1860 nje ya lango la Sakurada la ngome ya Edo, alikuwa mtu wa chai, na katika kitabu chake aliliweka mbele neno ichigo ichie, yaani mkutano mmoja katika umri mmoja. Alielekeza kuwa wageni wakisha kwenda, mwenyeji asikimbilie kufunga milango wala kukusanya vyombo, bali awatazame hadi watoweke, kisha arudi peke yake chumbani, aketi mbele ya birika, azingatie kuwa saa ile imepita wala haitarudi, na akipenda ajitengenezee bakuli moja la chai. Saa hiyo hakuna amwonaye, wala hakuna wa kuzungumza naye ila maji yanayotokota juu ya makaa.